Joho Lililopigwa Bandi

Kila mwaka baba yake, fundi cherehani, alimpigia simu ughaibuni: “Mwanangu, shahada ya uzamili unaanza lini?”

Naye kijana, huku akikunja mashuka ya hoteli alikofanya kibarua, alijibu, “Mwakani, baba.”

Alipoanza kweli alijikausha kimya, eti amshtukize mzee kwa picha ya mahafali. Mzee akafariki akiamini bado ni mwakani.

Dada yake akamtumia joho jeusi walilolikuta kwenye cherehani ya marehemu. Lilikuwa limepigwa bandi tu, mishono mirefu ya muda kwa uzi mweupe, maana mzee hakupitisha mashine kwenye nguo ya mtu kabla mwenye nguo hajaijaribu.

Siku ya mahafali alilivaa hivyo hivyo.

“Mbona fundi wako hakumaliza?” mwenzake akamnong'oneza.

“Alikuwa ananisubiri.”