Mpini Kwenye Ubao wa Kukalia

"Mama, usinizungushe! Huo ni mpini wa mwiko wako."

"Miiko imejaa duniani," nilimjibu binti yangu. "Sipiki peke yangu."

"Na nani mwingine anaziba mashua kwa mwiko?"

Fundi aliacha kutia kalafati kwenye nyufa za mbao. "Hiyo kweli mpya. Au mashua ilikuwa na njaa?"

Akarudi kwenye pamba na nyundo yake.

Mashua tuliinunua kuukuu, binti yangu apate chombo chake cha kuvulia. Muuzaji alituambia wazi kwamba iliokotwa mbali sana, ikielea imepinduka, haina mtu. Asubuhi ile tulikwangua rangi ya kijani, tukakuta nyekundu, tukakwangua hadi mbao. Kwenye ubao wa kukalia, kando ya tundu la mlingoti, palikuwa na tundu jingine lililozibwa kwa kipande cha mti.

Mume wangu hakuwa mtu wa kupima. Alipotengeneza mashua yake alitoboa pembeni, akaona mlingoti utasimama kama mlevi. Akaingia jikoni, akachukua mwiko wangu mkubwa, akaukata mpini azibie tundu lile, sufuria ikiwa jikoni inachemka. Nilimnunia siku nzima. "Nuna tu," aliniambia. "Mwiko wenyewe nimeshaukalia."

Kisha siku moja akaenda baharini na mashua hiyo, asirudi. Mama yake alisema maadamu chombo hakijaonekana, mtu hajafa, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Hata mimi neno hilo lilinifaa.

Nilichukua msasa nikasugua kile kipande. Ukaonekana weusi wa kuungua, ubavu mmoja tu, pale nilipowahi kuusahau mwiko juu ya jiko.

"Bibi lazima ajue," binti yangu alisema.

"Ajue nini? Kwamba ubao una kiraka?"

"Kwamba baba amekufa."

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa kwetu. Nilimwambia ashike adabu. Nilimwambia bibi yake ana presha, na kwamba habari ya namna hiyo haipelekwi mbiombio kama moto wa kuazima.

"Sawa. Basi tupake rangi, tunyamaze. Mimi niwe naikalia kila siku, nikirudi bibi aniulize kama huko baharini nimesikia lolote la baba. Nimjibu nini, mama? Nifundishe."

Alikuwa analia huku bado ameshika kikwanguo.

Fundi alikohoa. "Dada, niendelee au niache?"

"Endelea. Mashua haina kosa."

Nilijifuta vumbi la rangi kwenye gauni, nikatoa simu, nikampigia mama mkwe. Yeye anaishi kwa shemeji yangu, safari ya basi ya kutwa nzima.

Alipokea papo hapo. "Eh, mwanangu! Kuna habari?"

"Ipo, Mama. Shemeji yuko hapo?"

"Yupo, anakula. Kwani vipi?"

"Mwite akae karibu yako. Na wewe kaa."

Nilisikia kiti kikiburutwa, na shemeji akiuliza kuna nini.

"Mama, mashua tumeipata. Ndiyo yenyewe, nimeishika kwa mkono wangu. Iliokotwa imepinduka. Mwanao amekufa, Mama. Alikufa siku ile ile aliyokwenda baharini."

Aliuliza kwa sauti ya chini.

"Una hakika?"

"Ninayo."