Sauti ya Kupanda Miguuni

Hapa Kolwezi, ukimwambia mtu apunguze sauti umemtukana. Rachida binti Alfani alikuwa hivyohivyo. Aliponunua sono yake, mitambo ya muziki, aliziweka bafle zote mbili, spika ndefu kama kabati, zikiwatazama wateja, akazifungulia mpaka chupa za sukre, yaani soda, zikatetemeka mezani. Kila Jumapili jioni watu walijaa kwenye terasi ya kwao, baraza la wazi mtaani Dilala, kuimba karaoke. Na aliyeimba vibaya alikuwa na dawa moja tu: kuongezewa sauti.

Dawa hiyo ndiyo iliyomwumbua Tata Tshilombo.

Mzee huyo alitoboa mawe mgodini miaka thelathini, na mashine ikaondoka na masikio yake. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia kwa shida. Lakini wee, zamani aliongoza kwaya, na sauti anayo mpaka leo! Basi Jumapili ile mke wake, Mama Kapinga, akamsukuma akaimbe. Rachida akaongeza sauti. Mzee akaanza amechelewa, akapiga kelele ili walau ajisikie mwenyewe, muziki ukaisha yeye bado yuko katikati ya ubeti.

"Tata, muziki imefika Lubudi! Panda taksi-moto uifuate!" akapaza sauti Mechack, dereva wa taksi-moto asiyejua kufunga mdomo.

Terasi nzima ikaangua kicheko. Hata Rachida alicheka. Mzee akaiweka mikro mezani taratibu, akajifuta jasho, akaenda zake.

Jumatano Mama Kapinga akaja. Alipewa kiti, hakukaa.

"Mwana yangu, bwana yangu haimbi tena. Alikuwa anaimba kila asubuhi akinyoa ndevu, sasa ananyoa kimya. Jumapili hii tunatimiza miaka makumi ine ya ndoa, na mi nataka aimbe ule wimbo ya harusi yetu. Lakini batu bakimucheka tena, njo basi. Sitamusikia tena mpaka kufa."

Rachida aliona haya. Kesho yake akaenda kwao kuomba radhi.

Alimkuta Tata Tshilombo amesimama barazani pekupeku, uso umekunjamana. Nyumba ya pili kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi, inanguruma.

"Mukanda ya ile mashine imelegea," mzee akasema. "Batakuja kulia."

Rachida, fundi wa sauti mzima, akatega masikio. Hakusikia tofauti yoyote. Hata dakika haikupita, mashine ikakohoa, ikazimika, na jirani akaanza kulaani huko ndani.

Rachida akamsogelea sikio la kulia. "Umesikia namna gani, Tata?"

"Sikusikia kitu. Miguu njo inasikia. Kule chini ya udongo ni kelele tupu, masikio ya nini? Jiwe likitaka kupasuka, linakuambia kwa miguu."

Radhi aliiomba mbiombio, akakimbia nyumbani. Bafle moja akailaza chali, akajenga juu yake jukwaa dogo la mbao za palati, zile za kubebea mizigo, akafungulia muziki, akapanda na viatu. Hakuna kitu. Akavua. Mama yangu! Ngoma ilimpanda mpaka magotini.

Jumapili mzee akaja, kwa sababu mkewe alimvalisha na hakumpa nafasi ya kubisha. Suti nyeusi, tai, viatu vinang'aa. Bafle ya pili Rachida alikuwa ameigeuza, inamtazama mwimbaji upande wa kulia, na sauti ameipunguza.

"Rachida, sono imekufa?" akauliza Mechack.

"Wewe ndiye utakufa. Kaa!" Kisha akamwinamia mzee. "Tata, vua viatu."

Watu wakaguna. Tata Tshilombo, ambaye hata sokoni huenda amefunga tai, avue viatu mbele za watu, siku ya kusherehekea ndoa yake? Mzee akageuka kuutafuta mlango. Mama Kapinga alivua vyake, akavipanga chini ya kiti, akasimama pekupeku kwenye saruji. Mzee akaitazama miguu ile muda mrefu. Halafu akainama, akaanza kufungua kamba.

Akapanda jukwaani, juu ya ile bafle iliyolazwa. Muziki wa wimbo wa harusi yao ulipoanza, nyusi zake zikapanda pia. Aliingia palepale pa kuingilia, kwa sauti nzito, tulivu, bila kupiga kelele. Mechack alikuwa ameachama.

Ubeti wa pili, umeme ukakatika.

Bafle kimya, mikro kimya, mbao kimya. Mzee akasita, akainua mguu mmoja kama mtu aliyekosa ngazi. Rachida akawaza, yamekwisha, sasa watacheka. Ndipo Mama Kapinga akapanda juu ya palati, akashika kitenge chake, akaanza kukanyaga mbao. Du, du-du. Du, du-du. Tata Tshilombo akafumba macho, akaukuta wimbo pale alipouacha, akaendelea.

Umeme ulirudi kabla hawajamaliza. Rachida akawahi kitufe, akaizima sono.

Walipofika mwisho, watu walisimama wote. Mechack alipiga kelele kuliko wote, machozi yanamtoka bila aibu.

Mzee akamwinamia mkewe. "Yule anasema nini?"

"Anasema uimbe tena."

"Mwambie avue viatu, aje asikie."