Lundo Nyuma ya Mlango wa Jiko

Mlinzi wa duka kubwa alimzuia Mama Pacha mlangoni kwa sababu ya kikapu chake. "Vya nje haviingii, shangazi. Ni amri."

Ndani, bango lilisema: Tunza mazingira, nunua mfuko wetu wa kudumu. Na bila mfuko huo bidhaa hazikutoka.

Alinunua huku damu ikimchemka. Nyumbani, nyuma ya mlango wa jiko, mifuko ya kudumu ilikuwa imelundikana hata mlango haukufunguka vizuri. Ilikuwa plastiki tupu, nene kuliko ile laini iliyopigwa marufuku, na kila mmoja ulikuwa umetumika mara moja tu, kwani nayo ilizuiwa mlangoni kama vya nje.

"Wifi, achana na hao wa dukani," alisema dada wa mumewe. "Utajipasua moyo bure."

"Wananinyima kikapu changu, wananibebesha takataka, halafu wananihubiria mazingira!"

Kesho yake alirudi dukani na lundo zima la mifuko. Mlinzi alipoinua mkono kumzuia, Mama Pacha akamwambia, "Hii si ya nje, ni ya kwenu." Akapita, akaimwaga mbele ya meneja, karibu na foleni ya kulipia.

"Hatupokei mifuko iliyotumika," meneja alisema.

"Basi msituuzie ya kutumia mara moja mkaiita ya kudumu!"

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja akaokota mfuko, akapakia sabuni zake. Wengine wakafuata. Keshia akamtazama meneja; meneja akatazama pembeni. Lundo likaisha bila mtu kununua mfuko mpya.

Mama Pacha aliondoka mikono mitupu, hasira bado hazijamwisha.