Sindano wa Ukurasa wa Tisa

Kabla sijafika mbali, naapa: kila neno lililomo humu ni la kweli. Sijaongeza, sijapunguza, sijapaka rangi. Wapo watakaosema mtu anayeitwa Chumvi hawezi kusimulia jambo bila kulikoleza. Jina hilo nilipewa na watu wenye wivu, na wengi wao siku hizi hawasikii vizuri.

Nilikuwa mwendesha lifti. Miaka thelathini na mmoja, jengo moja, ghorofa kumi na mbili. Kusoma sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuchungulia magazeti ya abiria wangu kupitia mabegani mwao. Tukifika ghorofa ya tatu nimemaliza vichwa vya habari, ya saba niko kurasa za ndani, ya kumi na mbili nishajua nani kafukuzwa kazi kabla mwenyewe hajajua. Na mtu humjui mpaka umwone anavyosoma gazeti. Mkurugenzi alishika ukurasa wa biashara mbele ya uso, ndani yake amekunja vikatuni. Mhasibu alianza na matangazo ya vifo. Akishajiridhisha kwamba hayumo, ndipo anasalimia watu. Karani mmoja alikuwa anasoma nyota yake, ikiwa mbaya ananiomba nimrudishe chini aende zake nyumbani. Siku moja nilimrudisha mara nne. Haya, mbili.

Nilipostaafu nikahamishia usomaji wangu kwa kinyozi wa mtaani kwetu. Kinyozi ananunua gazeti moja tu, na linasomwa kwa karatasi. Anayefika kwanza anachukua karatasi ya nje, wa pili inayofuata, na hakuna ruhusa kumnyang'anya mwenzako kabla hajageuza. Kinyozi mwenyewe anasoma kuanzia nyuma, kwenye mpira, na tangu nimjue hajawahi kuvuka ratiba ya mechi. Mwalimu mstaafu anachukua fumbo la maneno, analijaza kwa wino, anakosea, anamlaumu aliyetunga. Mimi yangu ilikuwa moja, kila Jumatano: karatasi yenye ukurasa wa tisa. Naichukua, navuka nayo barabara mpaka barazani kwa Fundi.

Fundi ni fundi cherehani, rafiki yangu tangu sote tuna meno. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Anashona kwa kupapasa. Alikuwa ameanza kupotea: vifungo upande wa nje, mfuko umeshonwa mdomo, na suruali ya bwana harusi mmoja zipu ikafungukia juu. Wateja walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani.

Kilichobaki kumchangamsha ni Sindano. Hilo ndilo jina alilotumia mwandishi wa safu ya ukurasa wa tisa. Sura yake hatukuijua, lakini Fundi alimwita "mwenzangu", kwa sababu, alisema, anachoma palepale penye nyama. Jumatano saa nne asubuhi cherehani linasimama, Fundi anatoa pini mdomoni, anasema, "Ehe, mwenzangu leo anasemaje?" Nami nasoma.

Sasa Jumatano moja nafungua ukurasa wa tisa, Sindano hayupo. Mahali pake pamekaa tangazo la matangi ya maji, nusu ukurasa. Nikageuza, nikapindua, nikatafuta mpaka kwenye bei za mahindi na hali ya hewa. Hakuna. Hakuna "mwandishi wetu yuko likizo", hakuna "tunasikitika", hakuna hata nukta. Miaka kumi na minne mtu anakuchekesha, halafu wanamwondoa kama wanavyong'oa balbu!

"Ehe," Fundi akasema. "Mwenzangu leo anasemaje?"

Mikono kaikunja mapajani, uso kauelekeza juu kama mtoto anayengoja kunawishwa. Ulimi wangu ukakataa kusema hayupo. Nikatazama yale matangi, nikasafisha koo, nikasoma habari ya mkuu wa ofisi aliyepoteza ufunguo wa choo. Akaunda kamati ya kuutafuta. Kamati ikaomba ofisi, ofisi ikahitaji choo, choo kikahitaji ufunguo. Niliitunga papo hapo. Fundi alicheka mpaka akalishika cherehani lisianguke.

"Leo kaandika!" akasema, akijifuta machozi. "Miaka yote hii, leo ndiyo kaandika!"

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipopotelea. Ningejibiwa "leo hakuandika vizuri", ningesema ukweli Jumatano iliyofuata. Lakini mtu aliyebonyeza vitufe miaka thelathini na mmoja akasifiwa namna ile, unategemea nini? Jumatano ya pili nikatunga tena, habari ya mbuzi aliyepigishwa mhuri ofisini. Ya tatu pia.

Pembeni nilikuwa napigana na gazeti. Nilimwandikia mhariri barua ya kurasa mbili, hasira tupu, nikitaka Sindano arudishwe au waseme wamempeleka wapi. Wiki ya tatu wakaichapisha. Walichochapisha ni hiki: "Mhariri, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na ninakupongeza kwa kazi nzuri." Yote mengine wamekata! Nikapiga simu. Binti akaniambia subiri. Nikasubiri nikisikiliza muziki mpaka nikauzoea. Akarudi, akasema, "Mzee, hiyo safu ilikuwa ya nani?" Nikakata simu mwenyewe.

Wiki ya tano nilipeleka goti langu hospitali. Nikapewa namba sabini na nne. Saa tisa alasiri waliita sabini na tatu, wakafunga dirisha, wakaniambia nirudi kesho. Nilirudi na hasira, nikamlalamikia kila mtu mtaani, Fundi naye, na Jumatano iliyofuata hasira hiyo yote nikaimimina kwenye mdomo wa Sindano. Nikasoma kwamba madaktari wa siku hizi wanapasua kwanza, wanauliza baadaye. Kwamba kuna mtu alikwenda kutibiwa jicho la kulia akatoka bila jino. Kwamba kuna mwingine alifunguliwa jicho daktari akasema, "Aa, kumbe ndivyo lilivyo ndani," akalifunga.

Nikangoja kicheko. Hakikuja.

"Hiyo," Fundi akasema taratibu, "kaniandikia mimi."

"Nani? Sindano? Hakujui hata!"

"Ananijua. Siendi, Chumvi. Alhamisi ijayo siendi."

Alhamisi hiyo ndiyo alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho la kulia. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo mwaka mzima, na daktari alishamwambia kwamba akiikosa, jina lake linarudi chini kabisa ya orodha. Na mtu anayeshona zipu ikafungukia juu hana mwaka mwingine wa kungoja.

Mkewe, shemeji yangu, alinijia siku ya pili macho mekundu. "Shemeji, ongea naye wewe. Mimi hanisikii. Anasema mwenzake kasema." Akauma meno. "Huyo Sindano, nikimtia mkononi huyo, nitamfunga uzi mdomoni!"

"Mshenzi sana," nikasema. "Mtu wa hovyo."

"Anakaa wapi?"

"Hakuna anayejua, shemeji."

Nilijaribu kumwambia Fundi kwa akili zangu. Akaniuliza nimesomea wapi udaktari, kwenye lifti? Basi nikaona kilichomfunga ndicho kitamfungua. Jumatano ilikuwa imebaki moja, siku moja kabla ya upasuaji. Nikakaa siku tatu natunga, na hii sasa niliiandika kabisa, nikaikariri. Nikafika barazani, nikafungua karatasi, nikasoma kwa sauti ya majuto: "Wasomaji wangu wapenzi, wiki iliyopita nilikosea. Niliwasema vibaya madaktari wetu kwa jambo nisilolijua. Mwenye miadi asiikose."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Alhamdulillahi."

Fundi akaokota chaki, akaivunja mara mbili.

"Huyo si yeye," akasema.

"Si yeye vipi? Jina lake hili hapa!"

"Chumvi, mimi namjua mwenzangu. Sindano haombi radhi. Kuna siku aliomba radhi? 'Wasomaji wangu wapenzi'! Lini katuita wapenzi? Wamemtisha huyo. Wamemweka mtu aandike kwa jina lake, na mtu mwenyewe hajui kuandika. Huoni hata sentensi zinavyochechemea?"

Siku tatu za kazi! Nilitaka kulia. Uongo niliotunga kwa dakika moja aliumeza mzima, na ukweli niliouhangaikia siku tatu anautemea mate, tena ananifundisha sentensi.

"Kumbe ndiyo maana," akaendelea, na sasa amesimama. "Kama wamefika kumziba mdomo, basi yale aliyosema ni kweli tupu. Kesho naenda."

"Unaenda?" Shemeji akaruka.

"Naenda kumrudishia daktari nafasi yake mkononi. Mimi si mtoro. Na naenda na maandishi. Chumvi, nikatie ile ya wiki iliyopita. Ile ya kweli."

Nikasema gazeti la wiki iliyopita lilishatupwa. Fundi akapaza sauti ng'ambo ya barabara, na Kinyozi, ambaye hajawahi kunisaidia kitu nikikitaka mimi, akajibu kwamba magazeti yote yako chini ya benchi, hata ya mwaka jana. Akalileta mwenyewe. Fundi akaninyooshea mkasi wake mkubwa wa kitambaa. Shemeji ananitazama kwa uchungu, Kinyozi ameegemea nguzo na wembe mkononi, mimi nimelikinga gazeti na kifua, nakata lile tangazo la matangi, pembe nne, safi kabisa. Fundi akalikunja, akaliweka mfuko wa shati. Ningeweza kusema pale. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi.

Alhamisi tulikwenda watatu. Njia nzima najipa moyo: madaktari wana haraka, hatalisoma. Daktari alikuwa dada mmoja mdogo, mpole, miwani juu ya nywele. Fundi akakataa kiti.

"Daktari," akasema, "sikuja kupasuliwa. Nimekuja kukuonyesha kwa nini." Akampa kile kipande. "Soma. Soma kwa sauti, mke wangu naye asikie."

Daktari akashusha miwani. "'Matangi imara,'" akasoma. "'Kuanzia lita elfu moja hadi elfu kumi. Hayapasuki, hayavuji, hayaoti ukungu. Tunakufikishia mpaka mlangoni.'" Akamtazama. "Baba, hii inahusu nini na jicho?"

"Geuza."

Akageuza. "'Ligi daraja la pili. Jumamosi saa kumi.'"

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti cha magurudumu, nikatamani kukikalia nisukumwe mbali. Fundi akageuza uso kunitafuta, akausimamisha kwenye koti la daktari lililoning'inia ukutani, akaliambia lile koti:

"Chumvi."

"Naam," nikasema, huku upande wa pili.

Akageukia sauti. "Mwenzangu kaacha kuandika lini?"

"Jana ilikuwa wiki ya saba."

"Ya ufunguo wa choo?"

"Mimi."

"Ya mbuzi aliyepigishwa mhuri?"

"Mimi, ndugu yangu."

"Na hii ya madaktari."

Shemeji akajibu kwa niaba yangu, kwa mkoba. Alinipiga nao begani, mara moja tu, na nakiri kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kizito.

"Wewe!" akasema. "Mimi nimemlaani mtu asiye na hatia wiki nzima, kumbe nakulaani wewe, na chai yangu unakunywa!"

Fundi hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu apaze. "Ningekaa gizani mwaka mwingine," akasema. "Huenda hata moja kwa moja. Kwa sababu wewe uliambiwa urudi kesho na goti lako."

"Nilitaka usikose kicheko chako cha Jumatano," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga.

"Najua. Ndiyo maana sijakutukana." Akanyoosha mkono hewani. "Daktari, niletee fomu. Mke wangu, nishikie kidole kwenye mstari, nitie sahihi. Na wewe usiondoke, utalipa."

"Nitalipa nini?"

"Ulichokula. Umenisomea yasiyokuwepo. Sasa utanisomea yaliyopo."

Jicho lilipasuliwa siku hiyohiyo, lakini akaambiwa alipumzishe wiki tatu, na la pili linangoja zamu yake. Basi kila siku, si Jumatano tu, nalipa. Kinyozi ananipa gazeti zima baada ya wote kumaliza, na nasoma kuanzia jina la gazeti mpaka anwani ya mtambo uliolichapa: hotuba, bei za mazao, vifo na orodha za walioachwa, notisi za mahakama. Hakuna kuruka, hakuna kuongeza. Neno moja la kwangu, narudi mwanzo wa ukurasa. Shemeji anakaa kando yangu, kidole chake kiko chini ya mstari, na huyo mama ana kidole kilichonyooka kama rula.

Leo tulikuwa kwenye zabuni ya kujenga uzio wa bohari. Kifungu cha nne, kifungu kidogo cha pili: nguzo mia mbili na arobaini, urefu mita mbili na nusu, zilizopakwa dawa ya mchwa. Fundi alikuwa amelala chali, jicho limefunikwa, anasikiliza kwa makini kama mtu aliyeomba hiyo kazi. Nikafika "mzabuni awasilishe nakala tatu", na mdomo wangu, naapa wenyewe bila ruhusa yangu, ukaongeza, "na ya nne ampelekee mchwa mwenyewe, asije akasema hakuarifiwa."

Nikaona tumbo la Fundi linatikisika chini ya shuka. Lakini uso hakuubadilisha.

"Shemeji," nikasema, "hiyo imeandikwa."

"Iko wapi?" akasema, kidole hakijasogea.

Nikarudi mwanzo wa ukurasa.