Kalamu Haina Kosa

Mume wangu Patroba alikufa akiwa na kalamu za wino kumi na nne, na katika uhai wake nilizichukia zote isipokuwa moja. Naanza na hiyo moja, maana bila yake hizo nyingine hazieleweki.

Ilikuwa nyeusi, ya zamani, yenye kijiti cha shaba ubavuni cha kuvutia wino. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza alipoajiriwa ukarani hapa Kakamega, miaka mingi kabla ya Uhuru, na ndiyo aliyoniandikia barua za uchumba. Nitasema kweli: niliupenda mwandiko kabla sijampenda mwenyewe. Mtu alikuwa mfupi, masikio makubwa, lakini herufi zake zilisimama wima, mikia imepinda kwa adabu, na penye nukta pana nukta. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Kutwa nzima natazama miandiko mibaya, na barua zile zilinipumzisha macho. Kanisani walimpa vyeti vya ubatizo aviandike. Mpaka leo ukiingia nyumba nyingi za Shinyalu utakuta cheti kimetiwa fremu ukutani, na mtoto mwenyewe ameshaota ndevu.

Patroba angekuazima shati, baiskeli, hata koti la Jumapili. Kalamu ile hapana. Alikuwa na imani yake kwamba nibu, ile ncha ya kuandikia, huzoea mkono mmoja, na mtu mwingine akiandika nayo hata ukurasa mmoja, inarudi imeharibika tabia. Nilimcheka sana kwa hilo.

"Kwani hiyo ni mke?" nilimwuliza siku moja.

"Mke anasameheanga," akasema. "Nibu haisamehe."

Sasa, mwaka ule wa bendera ya Uhuru, mwezi wa Agosti hivi, alirudi kutoka kazini amenuna. Alikuwa ameugua malaria siku tatu na kalamu ameiacha ofisini kwenye mtoto wa meza. Akaketi bila kuvua koti.

"Chrispinus ameniharibia kalamu," akasema. Chrispinus alikuwa karani mwenzake, walikaa meza moja. "Nimemwuliza, amekubali. Ameitumia siku zote tatu. Sasa nikivuta mstari, inatetemeka."

Niliona kichekesho, kalamu kutetemeka. Nikamwambia asinune kama mtoto, akanunue nyingine. Mimi ndiye niliyesema hivyo, kwa kinywa changu.

Basi akanunua. Wakati huo Wazungu walikuwa wakihama, na kila Jumamosi palikuwa na vitu vimepangwa kwenye varanda fulani: viti, vitanda vya watoto, taa, vitabu vyenye ukungu. Patroba akapita "kuangalia tu". Akarudi na kalamu ya kijani yenye mistari. Jioni hiyo niliiona furaha yake, siwezi kuinyima. Aliiosha kwa maji ya vuguvugu, akaipangusa kwa kitambaa changu cha flaneli, akaijaza wino polepole, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Alipotoka furaha ilikuwa imepungua.

"Bado. Imezoea mkono wa yule Mzungu. Alikuwa anaandika kwa kulaza."

Wiki iliyofuata akaingia duka la Mhindi kutafuta sukari, akatoka na kalamu mpya kabisa, ya kisasa, ile unayoitia kidonge cha wino badala ya kunyonya kwenye chupa. Sukari akaisahau. Hiyo nayo ikawa na kasoro yake: eti haijafundishwa bado. Za zamani zilikuwa na tabia za watu wengine, na za kisasa hazikuwa na tabia yoyote, kwa hiyo kila mara ilibaki nafasi ya kalamu moja zaidi. Hakuwa mtu wa kupanga manunuzi. Aliiona, macho yakamtoka, akaichukua. Nyekundu yenye kofia ya dhahabu. Ya buluu iliyonenepa mpaka haikuingia mfukoni. Moja yenye jina la mtu limechorwa ubavuni, Mzungu fulani ambaye sasa labda yuko kwao anatafuta kalamu yake. Zote zikalala katika kopo la biskuti chini ya kitanda, nami nikawa nalisukuma kwa mguu nikifagia, kwa nguvu.

Mambo mengine niliyaona na sikuyaona. Vyeti vya kanisani alivirudisha, akasema amechoka na kazi ya bure. Akaanza kutaka kikombe cha chai kijazwe nusu. Akitembea barabarani aliweka mkono wa kulia mfukoni, nami nikamwambia anajifanya bwana mkubwa siku hizi. Akacheka. Kanisani kitabu cha nyimbo alikishika kwa mikono miwili. Nikadhani ni heshima.

Mwaka uliofuata binti yetu Kageha akachumbiwa na Cornelius, kijana aliyekuwa akifanya kazi Bukura kwenye chuo cha kilimo. Arusi ikapangwa Desemba. Patroba alifurahi mpaka akasimama mbele ya wakwe na kusema, "Kadi za mwaliko, zote, nitaandika mimi kwa mkono wangu. Hakuna kupeleka kwa mashine." Watu wakapiga makofi. Kageha alilia kwa furaha, maana tangu utotoni alijua kadi yenye mwandiko wa baba yake si kadi ya kutupwa. Tulinunua kadi themanini zenye ukingo wa dhahabu, nikaziweka juu ya kabati.

Septemba ikapita. Oktoba ikapita. Kila nikiuliza, jibu lilikuwa moja: anatafuta kalamu inayofaa, kazi kama hii haiandikwi na kalamu yoyote tu. Na kila akileta nyingine alisema hiyo sasa ndiyo ya kadi. Kageha hakumwuliza kitu. Alikuja kwangu jikoni akanong'ona, "Mama, labda baba hampendi Cornelius." Hapo ndipo nilipoanza kukasirika kwelikweli.

Katikati ya Novemba tukamtuma Patroba Lugari. Kulikuwa na familia ya Wazungu wanahama shamba, wanauza cherehani nzuri ya miguu, na tulikuwa tumekubaliana kuwa hiyo ndiyo zawadi yetu kwa Kageha. Aliondoka na lori asubuhi. Aliporudi, Cornelius alikuwepo, tumekaa naye mezani, obusuma, ugali wetu, na kuku viko tayari. Lori likapita. Patroba akaingia peke yake, mkononi ana kijisanduku kirefu cha ngozi.

"Cherehani iko wapi?" nikauliza.

"Mama Kageha, ngoja kwanza uone." Alikifungua mbele yetu. Ilikuwa kalamu nene, ya kahawia, kuukuu, nibu yake pana ya dhahabu. Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko na kijisanduku kilikuwa kikigonga meza, taratibu, tak tak tak. Nilisikia kabisa. "Hii itaandika. Hii ni nzito, inajishika yenyewe. Kesho naanza kadi."

Nilisimama. Sikujali mkwe yupo.

"Hata watoto wangu wa darasa la pili," nikasema, "wakiandika vibaya husingizia penseli. Lakini wao wana miaka saba, baba Kageha. Wewe una miaka mingapi?"

Cornelius aliinamia sahani yake. Kageha akasema, "Si neno, baba. Cherehani si neno." Patroba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Akafunga kijisanduku. Akala kwa mkono wa kushoto, na mimi hilo nalo nikaliona kuwa ni kiburi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikashusha kadi kutoka juu ya kabati, nikachukua bairo yangu ya kusahihishia, nikaziandika zote mwenyewe kabla ya jua kutua, mwandiko wa ubaoni, mkubwa na mkavu. Yeye alikaa ng'ambo ya meza akizitia ndani ya bahasha. Hakulalamika hata kidogo. Zilipobaki chache akasema, "Niachie moja." Nikamtupia. Nilidhani anataka kumwandikia askofu, aoneshe ufundi wake.

Siku ya arusi kulikuwa na kuweka sahihi kwenye kitabu cha kanisa. Baba wa bibi arusi akaitwa mbele. Patroba akatoa kalamu yake nyeusi mfukoni, akafungua kofia, akainama juu ya kitabu, akakaa hivyo. Kanisa zima likasubiri. Tone la wino likadondoka juu ya ukurasa. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Andika wewe, mwalimu." Niliandika. Niliikandamiza kalamu ile kwa hasira mpaka nibu ikalia, nikijiambia kwamba ananilipiza, siku ya mtoto wake, kwa sababu ya maneno ya mezani. Picha ya arusi ninayo. Yeye anatabasamu, mkono uko mfukoni. Mimi sitabasamu.

Tangu siku ile ya Lugari hakununua kalamu nyingine. Hata moja. Alipita kwenye varanda za Wazungu bila kugeuza shingo. Shuleni nilijisifu kwa walimu wenzangu kwamba nimemponya mume wangu kwa sentensi moja, na wao wakanitaka niwafundishe.

Mvua kubwa za Aprili zilimkuta barabarani, akashikwa na homa ya mapafu. Hospitalini daktari alimshika mkono wa kulia, akautazama unavyocheza juu ya shuka.

"Mkono umeanza kutetemeka lini?" akaniuliza.

"Ni homa tu," nikamjibu. Nilijibu haraka, kwa uhakika wa mwalimu. Patroba alikuwa anasikia. Alifumba macho. Siku ya tatu akafariki.

Tulimzika Shinyalu. Siku ya kunyoa nywele na kugawa vitu vya marehemu, ndugu zake wakagawana nguo, kisha nikalileta lile kopo la biskuti. Nilitaka liondoke nyumbani kwangu. Kila mmoja akachagua kalamu, akaichomeka mfuko wa shati, wakawa wanatazamana vifua. Ya mwisho ilibaki nyeusi. Nikampa Chrispinus, yeye ndiye aliyekaa naye meza moja miaka yote.

Akarudisha mikono nyuma. "Hapana, shemeji. Hiyo siwezi kushika."

"Uliishika siku tatu ukaiharibu," nikasema. Bado nilikuwa na ulimi ule ule. "Leo unaogopa nini?"

Alinivuta kando, nyuma ya ghala la mahindi, akatoa daftari dogo ndani ya koti.

"Shemeji, mimi hiyo kalamu sikuigusanga hata siku moja. Aliporudi kutoka malaria akaandika mstari, ukatetemeka. Akaniuliza, umeitumia? Nikaangalia mkono yake. Nikaona. Ningesema nini? Nikasema ndiyo, nisamehe. Akafurahi, shemeji. Alinigombeza mpaka jioni, lakini alifurahi." Akanikabidhi lile daftari. "Kutoka hapo madaftari ya ofisi nilikuwa najaza mimi. Nilijifunza kuandika kama yeye. Na hii ilikuwa ndani ya meza yake."

Nilikwenda kulifungulia chumbani, pale alipokuwa akijifungia. Kila kalamu ilikuwa na ukurasa wake, na tarehe. Katika kila ukurasa aliandika sentensi moja ile ile ya kuijaribu, hata kabla Kageha hajachumbiwa: *Bwana na Bibi Patroba wa Shinyalu wanayo furaha kukualika.* Chini yake aliandika kosa la kalamu. Ya kijani: imezoea mkono wa mwenyewe. Ya Mhindi: haijafundishwa. Nyekundu: wino mwepesi. Ya buluu: nibu nyembamba. Nikawa nafunua kurasa, na mwandiko ule ulionifanya niolewe ukawa unapungua mbele ya macho yangu, herufi zikisinyaa, zikilala, zikiachana. Nimetazama miandiko zaidi ya miaka ishirini. Kama angekuwa mtoto wa darasa langu, ningemjua siku ya kwanza.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa ile kalamu ya Lugari, tarehe ya siku niliyomsema mbele ya mkwe. Sentensi haikufika mwisho. Iliishia kwenye *furaha*. Chini yake, mahali pa kosa, ameandika kwa herufi za kukokota: *Kalamu haina kosa.*

Kati ya ukurasa huo na jalada kulikuwa na kadi yenye ukingo wa dhahabu, ile moja aliyoniomba. Haikuandikiwa askofu. Ilikuwa na tarehe ya siku tatu kabla ya arusi, na maneno yamepanda na kushuka, makubwa, mengine yamerudiwa juu kwa juu mpaka karatasi imechanika kidogo. Nilichukua muda kusoma. *Kwa Mwalimu Navalayo. Karibu arusi ya binti yetu. Samahani kwa mwandiko.*

Hakunipa. Aliona ninavyosahihisha.

Kalamu nyeusi iko kwangu. Sijamwazima mtu, na mimi mwenyewe siandiki nayo. Bado nafundisha darasa la pili, shule ile ile. Mtoto akija mezani na daftari lake bovu akaniambia, "Mwalimu, penseli hii ni mbaya," sisemi kitu. Nafungua mtoto wa meza, nampa nyingine. Akirudi akisema na hii imekataa, nampa nyingine tena.