Bomba la Kupandia Manga

…la, si chuma, chuma ni kizito na mvua ya huku haitakihurumia, kitaota kutu ndani kwa ndani, na magamba ya kutu yatavutwa na upepo wa turbo hadi kwenye injini ya gari, lakini Jagdish mwenye duka la vipuri anakigonga tena kwa kidole juu ya kaunta, "Madam Gesare, hii haiwezi kukuangusha, hii hata welda wa kijijini Birongo anachomelea," najua anachomelea, ndiyo maana nilikitamani, kitu ambacho yeyote anaweza kukuzibia barabarani, ila mimi sitaki kuzibiwa barabarani tena, nataka kufika, nataka kesho Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nitoke Manga na Mama amekaa pale mbele amejitanda shali, tufike Kisii kwenye mashine ya kusafisha damu, alale saa zake nne, kisha tupande mlima turudi nyumbani bila kusimama, hilo tu, mtu angenisikia angedhani naomba ndege… "Na hii ya alumini," Jagdish anasema, "nyepesi, inapoa haraka, lakini ikipasuka hapa Kisii nani atakuchomelea?" na Kartik, mwanawe, ameshatoa stoo kitu cha tatu bila kuulizwa, mpira mnene wa silikoni, mwekundu, "Madam, weka hii yote, inakunjika vile unataka," mabomba matatu yamelazwa mbele yangu na baba na mwana wananitazama kwa upole, upole huo naujua, wameshasikia, Kisii nzima imesikia juu ya mwalimu wa fizikia aliyefunga bomba la maji kwenye turbo…

mwalimu wa fizikia, ndiyo, cheka tu, na si kwamba sikuambiwa, Anyona fundi wangu alijifuta mikono akaniambia polepole, "Madam, turbo inabana hewa, hewa inatoka hapa ikienda kupozwa mbele, hii bomba ndiyo imeoza, ngoja wiki moja nikuletee ya alumini kutoka Nairobi," nami nikacheka, nikamwambia mimi ni binti wa Obadiah, Obadiah yule aliyeteremsha maji ya chemchemi kutoka juu Manga hadi uani kwa watu kwa mabomba ya plastiki, miaka kumi na tisa na hakuna hata moja lililopasuka, maji yanaporomoka mteremko wote ule na hayajalipasua, sembuse upepo, nikaenda stoo kwa marehemu baba nikachukua kipande, nikakipima, kikaingia barabara, nikaona fahari, Mungu anisamehe, nikamwonea Anyona huruma kwa elimu yake ndogo… na tatizo halikuwa nguvu, lilikuwa joto, hewa ikibanwa hupata joto, naliandika ubaoni kila mwaka kwa kidato cha pili, nalipigia mstari, ole wake asiyelijua kwenye mtihani, na maji ya baba yalikuwa ya baridi, baridi ya kuuma meno, plastiki yake haikuwahi kuonja moto hata siku moja…

Jumanne iliyopita plastiki ikachomoka kwenye kiungo, mlimani, nikairudisha, nikakaza, nikasema ni kiungo, ubishi wangu ukanipa jibu, Ijumaa ikalainika yenyewe, ikavimba, paa! palepale mlimani, gari likakohoa moshi mweusi na kukataa kupanda, na Mama ametoka kwenye mashine hana nguvu ya kushika hata mwavuli, nikamketisha kwenye jiwe kando ya barabara, mvua inamnyeshea miguuni, tukafika nyumbani kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia nisije nikamwangusha, alikuwa mwepesi, sikujua mama yangu amekuwa mwepesi kiasi kile… "Madam, unasikia?" nasikia Jagdish, nasikia, nafikiria, silikoni yote haitafaa, ikiwa ndefu hutanuka turbo ikipuliza, silikoni ni ya viungo tu, vipande vifupi, kwa sababu injini hutikisika na bomba gumu tupu lingejing'oa, na alumini sitaichomelea, hapo Jagdish hana habari, Anyona amenichorea kwenye karatasi, ninunue zilizokwisha kukunjwa, nizikate, niziunganishe kwa silikoni na klipu za bolti, na kila ncha iwe na ukingo ulioinuliwa kidogo ili klipu isiteleze, nimesoma karatasi hiyo mara tatu leo, safari hii nimekuwa mwanafunzi, alumini basi, alumini, imekwisha…

haijaisha, mbona moyo haushuki, nimeshachagua, Anyona ananingoja gereji, kufika jioni gari litakuwa tayari, na kesho asubuhi nitasimama uani na injini inanguruma vizuri na Mama hatatoka, hatatoka kwa sababu Mama haliogopi gari, laiti angeliogopa, Jumamosi baada ya ibada ya Sabato aliniambia, ametulia kabisa, "Gesare, gari mara mbili, na mlima ni uleule, hiyo ni ishara, Nyasae, Mungu wetu, ananiambia nipumzike, Jumanne usihangaike, mwanangu," kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiingojea, nami nilikuwa nimeshika birika, nikammiminia chai, nikamwongezea maziwa, nikanyamaza… nilinyamaza! Wiki mbili bila mashine ile ni kaburi, daktari alilisema mbele yetu sote, na mimi nimemwacha mama yangu ajiandae kufa ili nisionekane mjinga, nimemwachia Mungu lawama yangu, nikamwacha ashukuru, aliomba usiku ule akashukuru, nilimsikia kupitia ukutani, na wala bomba la baba halikukosa, lilipewa kazi isiyo yake, aliyekosa ana digrii, ana chaki mfukoni, yuko hapa kwa Jagdish anapima alumini kwa jicho, eti alumini itampandisha Mama mlimani, itampandisha nani, kiti kitupu?

"Madam, nikate, ama uende ufikirie?" Jagdish ameinua msumeno, Kartik ameshika ncha ya pili, na mimi namwonyesha kwa kidole pa kukata, ila sasa najua mdomo huu utasema nini, na si hapa, nitapita gereji nimwachie Anyona bomba, kisha nyumbani moja kwa moja, sitangoja kukaribishwa kiti, sitangoja chai, nitasema, Mama, Nyasae hakusema kitu, ni mimi, nilikatazwa nikafunga bomba la maji kwenye gari, nikakuketisha kwenye mvua, kisha nikakuacha uamini uongo, na atawaka, namjua, atanitajia tangu siku niliyozaliwa, digrii yangu ataitupa nje pamoja na maji ya vyombo, na awake, naomba awake, awake mpaka asubuhi, maana Mama akishika ugomvi hauachi katikati, na kesho saa kumi na mbili atapanda mwenyewe mbele pale, atajifunga mkanda, na atanigombeza mpaka Kisii.