Kiti Kilichowambwa Ngozi

Urbano alikufa huku anacheka, na hilo ndilo lililomtia Febronia woga usiotoka. Kitanda cha Urbano kilikuwa jirani na cha Alute, mume wa Febronia, kule hospitali ya misheni. Alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Manyoni, mtu wa maneno mengi, uti wa mgongo umevunjika kama wa Alute. Asubuhi aliwachekesha manesi, jioni akapandwa na homa, na walipomgeuza wakakuta kwenye kalio lake shimo la kuingia ngumi. Kidonda kilianza kwao, zamani, kwa kukaa tu, na mwenyewe hakuwa amehisi kitu. Wakamzika wiki ileile.

Basi msije mkamwona Febronia mwoga wa bure. Alute alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti kwenye vichaka vya Itigi akitundika mizinga ya nyuki, na mti wenyewe haukuwa hata mrefu. Kuanzia siku hiyo, kutoka kiunoni kwenda chini hakuwa na habari na mwili wake. Unaweza kumchoma kwa kaa la moto akaendelea kukuuliza habari za ng'ombe.

Siku ya kutoka hospitali walipewa kiti cha magurudumu, kikuukuu, kilichokuwa cha Mzungu fulani mnene. Nesi Cecilia, mwanamke wa Ikungi mwenye mdomo mkali na mikono ya huruma, alimweka Febronia kando akamfundisha. "Kiti ni kama kiatu, mama. Kikipwaya kinaumiza, kikibana kinaumiza." Akamwonyesha namna ya kujaza blanketi ubavuni Alute asilalie upande mmoja, na namna ya kuweka kipande cha ubao pa kukanyagia ili mapaja yalale yote juu ya kiti, uzito usiende kwenye mifupa peke yake. Chini aweke kitu laini. Na Alute ajiinue kwa mikono mara kwa mara, damu ipite. "Halafu kila jioni pitisha mgongo wa mkono wako hapa kwenye makalio. Ngozi yetu nyeusi haiwahi kusema kwa rangi, inasema kwa joto. Ukikuta moto, asikae tena mpaka upoe. Umenisikia?"

Febronia alisikia. Tatizo ni kwamba wenye mji, watu wa ukoo wa mumewe, hawakuwepo kusikia.

Mji wenyewe ulikuwa mpya, maana ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, nyumba zimepangwa mistari na kila mtu bado anatafuta kivuli. Turubai la kile kiti lilikuwa limelegea, Alute akikaa anazama, magoti yanagongana, shingo imelala upande. Kaka yake mkubwa, Mughwai, alipomwona vile aliona aibu mpaka akaangalia pembeni. Mughwai ndiye aliyewamba ngoma na vitanda vya watu wote upande ule. Akachinja dume kumshukuru Mungu kwa kurudi kwa mdogo wake, akachukua ngozi ya dume yuleyule, mbichi, akaiwamba kwenye vyuma vya kiti, akaikaza kwa kamba za ngozi, akaanika juani. Ilipokauka ukiipiga kofi inalia. Alute akakaa wima kama Bwana Shauri wa enzi za Mwingereza, na watu wakaja kutazama.

Febronia akasema, kwa sauti ya chini na macho yakiwa chini, kwamba nesi aliagiza kitu laini.

Mughwai akacheka. "Shemeji, si hicho laini ndicho kilichokuwa kinamzamisha?"

Na katika ukoo ule ngozi ya ng'ombe uliyechinjiwa wewe haifunikwi matambara, wala haiondolewi. Anayeiondoa anaikataa heri yake mwenyewe. Kila mtu alilijua hilo, hata watoto. Febronia alikuwa amekuja kuolewa kutoka Kinyangiri, Mnyiramba katikati ya Wanyaturu, na alijua vizuri watu watakavyosema. Akinyamaza Alute akafa, watasema ni Mungu. Akiitoa ngozi Alute akafa, watasema ni yeye. Akanyamaza.

Halafu mkutano wa kijiji ukamchagua Alute kuwa mlinzi wa ghala. Mnajua maana yake kwa mwanamume aliyekuwa amelala miezi akitazama kenchi za paa? Alikaa mlangoni pa ghala tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, wanaume wanasimama kuzungumza naye, na kujiinua akasahau kabisa. Akirudi jioni, Febronia akitaka kupitisha mkono, anausukuma.

"Mimi si mtoto wa kuoshwa makalio. Sisikii kitu, niache."

Sisikii kitu. Febronia kila akilisikia neno hilo alimkumbuka Urbano. Aliweza kupika, akachota maji, akacheka na majirani kisimani, na woga uko palepale umekaa.

Asubuhi moja alikuwa anamvalisha suruali, Alute akijigeuza mwenyewe kwa mikono, na mkono wake ukapita pale bila kuulizwa. Moto. Moto wa chini ya sufuria. Akamsukuma alale kwa tumbo, akafungua dirisha, akatazama. Juu ya mfupa ngozi ilikuwa inang'aa, imevimba, na katikati pana lengelenge dogo lisilozidi punje ya hindi.

"Ni joto la kitanda," Alute alisema. "Niweke kwenye kiti, leo wanagawa mbegu."

"Leo hukai."

"Febronia."

"Hukai," akasema. Akatoka, akachukua kile kiti kitupu, akakisukuma kwenye mchanga huku magurudumu yanazama, watu wanamtazama, mpaka kwa Mughwai. Njia nzima alikuwa anajiambia arudi.

Akapiga magoti. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mwenye kiti yuko wapi?"

"Amelala kwa tumbo." Akakisogeza kiti mbele yake. "Naomba ukikalie wewe, shemeji. Ukae kama anavyokaa yeye. Usijiinue, usisogee, miguu iwe kama si yako, mpaka nimalize kutwanga huu uwele wa mke wako."

Jambo la ajabu kuombwa na shemeji, lakini Mughwai alikuwa mtu wa kupenda mashindano. Akakaa, akaweka mikono mapajani, akatabasamu. Febronia akashika mchi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wahenga walishasema, ila yeye hakuwa na pumzi ya kusema methali. Alitwanga huku anaomba Mungu asiwe amekosea, kwa sababu kama angekosea, pale asingekuwa na mahali pa kuweka uso.

Uwele ulikuwa bado haujaanza kutoka pumba, Mughwai akaegemea kushoto.

"Umesogea, shemeji."

Akarudi, akacheka. Akakaa tena. Kicheko kikaisha. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akauma meno, akaegemea kulia, akajirudisha mwenyewe bila kuambiwa. Mchi ukaendelea. Mwishowe akajiinua kwa mikono miwili, akabaki ananing'inia hivyo.

"Mfupa unauma," akasema.

"Wewe umekwambia. Wa kwake hauwezi kumwambia." Hapo machozi yakamtoka Febronia. "Pameanza, shemeji. Nimepaona kwa macho yangu."

Mughwai akasimama, akaingia ndani, akatoka na kisu. Febronia akarudi nyuma hatua, mchi mkononi, maana woga ukishaota hauchagui. Lakini Mughwai akainama kwenye kiti, akaanza kukata kamba zake mwenyewe, moja baada ya moja. Ngozi ilikuwa ngumu, ikamsumbua. Hakusema lolote kuhusu heri wala kuhusu ukoo.

"Huko hospitali wanakalia nini?"

"Mpira wenye upepo."

Mughwai akatazama baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani, baiskeli pekee upande ule wa kijiji. Akaipindua juu chini, akatoa mipira ya ndani yote miwili. Aliweka ubao mahali pa ngozi, akaikunja ile mipira ndani ya gunia, akaijaza upepo nusu. Akaingiza kiganja chini yake, akakaa, akasikiliza kama mfupa unagusa ubao. Unagusa. Akaongeza upepo kidogo. Febronia akajaza mablanketi ubavuni, akapandisha ubao wa miguu, akashusha, akapandisha tena, mpaka mapaja yakalala. Mchana ukaishia hapo.

Walimkuta Alute bado kwa tumbo, amekasirika. Akakitazama kiti.

"Nani ameitoa ngozi?"

"Mimi," Mughwai akasema.

Alute akamtazama kaka yake kwa muda. Mughwai aliyeweza kudanganya soko zima bei ya ngoma, siku hiyo uso ulimshinda kuuficha woga.

"Febronia," Alute akasema. "Pitisha mkono."

Akauweka. Lengelenge lilikuwa halijapasuka, ila palikuwa na moto uleule wa asubuhi. Wanaume wote wawili walikuwa wanamtazama mdomo, na kusema pamepoa kungekuwa rahisi kuliko kumeza mate.

"Bado kuna moto," akasema.

Alingoja hasira. Alute akageuza uso, akalaza shavu kwenye mkeka.

"Basi kiwekeni pembeni. Ghala litafute mtu." Halafu akasema polepole, kwa Kinyaturu, kama anayezungumza na ukuta: "Nilikuwa nakukataza kwa sababu najua uso wako ungeniambia. Naogopa, Febronia. Usiache kushika, hata nikikufukuza."

Mughwai akatoka nje bila kuaga. Febronia akabaki amepiga magoti pale kitandani, na mkono wake hakuuondoa, ingawa Alute hakuwa na namna ya kujua kwamba bado upo.